Uwanja Tulioupigia Makofi

Jumapili, 14 septemba 1975

Daftari hii nilikuwa nimeiweka kwa alama za wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Watanisamehe. Nisipoandika ya jana nitamtapikia mtu, na mtu wa kumtapikia hayuko: mume wangu Gérard yuko Kamituga kwenye dhahabu, harudi mpaka mwisho wa mwaka. Naandika kwa Kiswahili. Kifaransa changu nilikimaliza jana kwenye karatasi ya kikao.

Jana, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, shefu wa kartie yetu, mtaa wa Kasha, Barthélemy, alitukusanya Kwa Robine, kwenye uwanja wa bomba letu la maji. Komiseri wa zone, mkubwa wa serikali hapa, alikuwa amemtuma enjeniari. Jina lake ni Cirhuza, mtoto wa kwetu Walungu kama mimi, lakini Walungu ilimtoka zamani: abacost ya kijivu, koti la wakubwa lisilo na tai, viatu vya kung'aa, karatasi ndefu kwapani. Alizungumza saa nzima kwa Kifaransa. Barthélemy alitafsiri kwa maneno machache: hapa tutajengewa Place ya béton, uwanja wa zege wenye ngazi na mlingoti wa bendera, tutacheza animation ya chama, ngoma na nyimbo za sifa, juu yake, na itafunguliwa tarehe 24 novemba, siku utawala unapotimiza miaka kumi. Enjeniari alifungua karatasi yake, akaionyesha kulia, akaionyesha kushoto, akaikunja. Nilikuwa karibu naye na sikuona zaidi ya mistari ya bluu.

Halafu akanyamaza, na watu wakapiga makofi.

Hilo ndilo linalonichoma. Mtu mwenye abacost akinyamaza tu, mikono ya Kasha inapiga yenyewe. Hakuna aliyeuliza robine itakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza chochote. Maman Colombe, jirani yangu, mjane ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya uwanja, alipiga kuliko wote, akasindikiza na kigelegele. Niliona haya kwa niaba yake. Watu wangu hawa wangeambiwa kesho wanachinjwa, wangeuliza tu makofi yaanze saa ngapi.

Mimi ndiye mwandishi wa vikao, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sijui kukataa. Niliandika ile karatasi, PV kama wanavyoiita wakubwa, nikaweka sahihi ya mwananchi mwema: Citoyenne Nsimire. Jina la Adolphine, kama majina yote ya Kizungu, limekatazwa kwenye karatasi za serikali tangu miaka mitatu. Nyumbani bado ni Adolphine.

Jumanne, 16 septemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Darasa linavuja kwenye kona ya kushoto. Nimewasogeza watoto kulia.

Jumamosi, 20 septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na uwanja wenyewe, maana kwenye plan, ile ramani ya enjeniari, uwanja huu ni mahali patupu.

Si patupu. Kuna robine moja, ya Kasha nzima ya chini. Kuna mawe matatu mapana ya kufulia, na kila jiwe lina foleni yake na ugomvi wake. Upande wa juu ndipo tunapoanika mihogo. Mtu akifa, matanga tunayafanya hapo, kwa sababu hakuna nyumba ya Kasha inayotosha watu wa kilio. Na nyuma ya robine kuna mfereji. Mwaka wa 1968 mvua ilichukua nyumba mbili na watu wanne. Baada ya kuwazika, wanawake walichimba mfereji ule kwa majembe yao, wiki tatu, na fundi wa mawe Constantin akiwaongoza kwa kamba. Unapokea maji ya mlima wote na kuyapeleka kwenye korongo. Tangu siku ile hatujazika mtu aliyeuawa na maji.

Leo asubuhi enjeniari alikuja akatuambia kazi ya Salongo: kufukia mfereji, ili béton ikae juu yake.

Papa Constantin ni mtu wa kusema polepole. Alivua kofia.

"Citoyen enjeniari, ile mufereji, hapana. Mayi yote ya huu mulima inapitaka pale."

"Mufereji gani? Mu plan hakuna mufereji."

"Mu plan hakuna. Angalia chini ya miguu yako."

Watu walicheka, na enjeniari hakupenda. Alitoa kwenye mkoba karatasi ambayo niliitambua kwa mwandiko kabla hajaifungua. Aliisoma kwa Kifaransa, kisha akaitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, ili iingie vizuri: baada ya kubadilishana mawazo, wakaaji wamekubali mradi wote kwa makofi.

"Murikubali," alisema. "Iko na sahihi."

Hatukubadilishana wazo hata moja. Ni sentensi ninayoiandika kila kikao. Niliikuta kwenye karatasi za mwandishi aliyenitangulia, nikaiona inapendeza, nikaendelea nayo miaka minne. Sikujua kwamba makofi yetu ni kura. Nilidhani ni adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Huko mjini wanayahesabu kana kwamba tumeinua mkono mbele ya Mungu. Na aliyeyapeleka huko mjini ni mimi.

Wote waligeuka kuniangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, na leo nguo ya Kasha nilikuwa mimi.

"Adolphine, mwana wangu," Maman Colombe aliniuliza, "wee njo uliandika ile?"

"Njo mie, maman."

Nilingoja anitukane. Alifikiri, huku akijifunga kikwembe upya.

"Na mie nilipiga makofi," alisema. "Alikuwa amemaliza kusema. Mutu akimaliza kusema, banafanyaka je?"

Barthélemy, shefu wetu, aliangalia viatu vyake muda wote. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba kazi ni kazi. Tulifukia mfereji wetu kwa majembe yetu wenyewe. Masaa mawili yalitosha kuzika wiki tatu za wanawake wale.

Jumapili, 21 septemba

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, na wenyeji ndio tumeanza kuugua.

Ijumaa, 26 septemba

Mvua siku tatu. Maji yamesimama kwenye uwanja mpaka kifundo cha mguu. Nimemwona Maman Colombe akiweka tuta la udongo mbele ya mlango wake kwa mikono.

Jumatano, 1 oktoba

Leo nimeona kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunifundisha.

Papa Constantin alipita nyumba kwa nyumba jana akisema: mvua ikianza, kila mwanamke atoke, aende Kwa Robine. Nilidhani uzee umemfika. Saa tisa mvua ikaanguka, nzito, na wanawake wakatoka kweli, labda thelathini, na beseni juu ya kichwa badala ya mwavuli. Nilitoka nami, bila viatu.

"Mutembee," Constantin alipiga kelele. "Kila mutu atafute pale mayi iko inamusukuma miguu. Ukipata, simama. Usitoke tena."

Tulitembea. Mmoja akasimama, halafu mwingine, halafu mimi, maana kweli niliyasikia yakinivuta visigino. Baada ya dakika kumi tulikuwa mstari mzima wa wanawake uliopinda kutoka mlimani, ukapita mahali pa ngazi za béton, ukagawanyika mara mbili, na tawi moja likaishia mlangoni pa Maman Colombe. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho wa mstari. Alisimama juu ya kizingiti chake na maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu.

"Munaona?" alituambia. "Ni mie njo nitakunywa yote."

Constantin alipita na vijiti vya mkaratusi, akapiga kijiti kwenye miguu ya kila mmoja. Mvua ilipokata tulipima kati ya kijiti na kijiti kwa kamba, na mimi nikachora yote kwenye karatasi ya miraba ya shule. Halafu wanawake wakaanza kusema wenyewe, bila kuulizwa: béton ikae, basi, lakini isogee juu hatua kumi na tano, mfereji upite kando yake, mawe ya kufulia yawe chini ya robine ili maji machafu yaende korongoni, ngazi ziwe upande wa kilio ili wazee wakae. Wale niliowaona kama kondoo wa kuchinjwa nusu ya septemba. Walijua kila inchi ya mahali hapa, na walikuwa wanapajua wakati wanapiga makofi.

Jumanne, 7 oktoba

Nimekwenda kwa enjeniari. Niliomba ruhusa shuleni kwa sababu ya "ugonjwa". Hasira nayo ni ugonjwa.

Ofisi yake ina meza mbili na dirisha moja. Nilifungua plan yetu juu ya ile yake. Nilikuwa nimejitayarisha kuchekwa, na majibu yangu nilikuwa nayo tayari, makali. Hakucheka. Aliangalia muda mrefu. Alichukua rula, akapima, akaandika tarakimu pembeni kwa penseli, akapima tena.

"Nani alifanya hii?"

"Wanawake wa Kasha, kwa miguu."

"Iko juste, iko sawa," alisema.

Nilikaa bila kualikwa. Kwa nini sasa, nilimuuliza, mfereji hauko kwenye plan yako? Akaniambia bila haya kwamba alipima mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Wakati wa jua kali, wakati hata bata wa Kasha hawana pa kuogea, mfereji ni mstari wa vumbi wenye majani. Alidhani ni njia ya mbuzi.

"Basi badilisha."

Hapo uso wake ukafunga. Alisimama akafunga na mlango. Aliongea Kimashi, cha nyumbani, kwa mara ya kwanza: kwamba plan imekwenda Kinshasa, imerudi na mihuri mitatu, kwamba tarehe 24 novemba haisogei, na kwamba enjeniari aliyemtangulia kwenye meza hii aliomba kusogeza tarehe na sasa anahesabu magunia ya mchele Luberizi.

"Na wewe unakaa unaogopa mchele?" nilimwambia.

"Mwalimu, nina watoto watano."

Ningependa kumchukia kabisa, ingekuwa rahisi. Lakini mtu anayejua kwamba umesema kweli, halafu anakurudishia karatasi yako ikiwa imekunjwa vizuri, huyo ananikasirisha kuliko mjinga. Mjinga angalau hana la kuficha.

Jumamosi, 11 oktoba

Salongo. Tumebeba mchanga kutoka asubuhi. Wameanza kumwaga béton. Mawe ya kufulia yako chini yake.

Jumamosi, 18 oktoba

Komiseri mwenyewe alikuja leo, kuona kazi na "kuwasikia wakaaji". Barthélemy alitutangazia hivyo Alhamisi, na Ijumaa kwenye foleni ya robine wanawake wakakata shauri. Shauri lilikuwa fupi: kesho hakuna makofi. Kwa kuwa makofi ni sahihi yetu, hatusaini.

Naandika hivi kirahisi. Haikuwa rahisi. Nani katika nchi hii amewahi kumnyima mkubwa makofi?

Alikuja na magari mawili na vijana sita wa chama. Alipanda juu ya béton ambayo haijakauka vizuri, akazungumza juu ya miaka kumi, juu ya maendeleo, juu ya Kasha ambayo itakuwa mfano kwa mji wote. Anajua kusema, siwezi kumnyima hilo. Alimaliza kwa sauti ya juu, mkono hewani, akanyamaza.

Kimya.

Nilisikia robine ikidondosha maji. Maman Colombe alikuwa mbele yangu, amekalia mikono yake miwili chini ya mapaja, kwa sababu, aliniambia baadaye, hakuiamini. Vijana sita wakaanza kupiga makofi, wakatazamana, wakaacha. Komiseri akarudia sentensi yake ya mwisho, kwa nguvu zaidi, akifikiri labda hatukusikia. Tulisikia. Mtoto mmoja alianza kupiga makofi na mama yake akamshika vidole.

Papa Constantin akavua kofia.

"Citoyen komiseri, sie tuko na plan yetu. Tunaomba uangalie, dakika tano tu. Hatukatae Place. Tunaomba tu mayi ipite."

"Kuko plan moja," komiseri alisema. Alishuka, na viatu vyake vikaacha alama kwenye béton. Alipopita mbele yangu alisema, bila kuniangalia: "PV kesho, kwa meza yangu."

Nimeiandika mara moja, bila kunakili sentensi ya mtu. Nimeandika: Komiseri alimaliza kusema. Wakaaji hawakupiga makofi. Wakaaji wanaomba mfereji wao. Nimeweka sahihi na nimempa Barthélemy aipeleke. Ninaogopa, ndiyo. Lakini leo nimelala mchana saa moja nzima, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu septemba.

Jumanne, 21 oktoba

Barthélemy ni panya. Mwanafunzi wangu mmoja, baba yake anafagia ofisi ya zone. Baba huyo anajua kusoma. PV iliyoko kwenye meza ya komiseri inasema kwamba wakaaji wamekubali kwa makofi mengi. Si mwandiko wangu. Ni wa Barthélemy, na sahihi ni yake.

Sote tulikaa kimya pale, na woga wote ule tuliula pamoja, halafu mtu mmoja mwenye kofia ya shefu akatupigia makofi kwa karatasi. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari ya watoto. Mke wake Martine alilia.

Jumatano, 29 oktoba

Mvua. Simsalimii Barthélemy.

Jumapili, 9 novemba

Jana, saa tisa mchana. Mvua ya mawe kwanza, halafu maji.

Nilikuwa dirishani nasahihisha imla. Nilisikia sauti ambayo wenye umri wangu wanaikumbuka kutoka 1968. Maji ya mlima yalifika kwenye béton, yakaikuta ngumu, yakageuka. Yote. Hayakugawanyika mara mbili kama miguu yetu ilivyosema, maana sasa kulikuwa na njia moja tu. Yalishuka kwa Maman Colombe.

Tulipofika, ukuta wa juu ulikuwa umelala ndani. Nyumba ile aliijenga mwenyewe baada ya kufiwa, tofali moja moja la udongo, akayaanika kwenye uwanja uleule. Tulimwita, hakujibu. Constantin na vijana wa jirani walichimba kwa mikono kwa sababu jembe lingemkata. Na nani alikuwa wa kwanza kuingia chini ya paa lililoinama? Barthélemy. Alimtoa kwa kumkumbatia, yeye na udongo pamoja. Hai. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili.

Kitu cha kwanza alichosema: "Maharagi yangu." Alikuwa anachambua maharagi ya mbegu. Yamekwenda korongoni.

Sasa analala kwenye kitanda changu. Mjini wamemtia plâtre, bandeji ngumu ya jasi, mpaka begani. Nimeketi nikimwangalia, na nimejaribu kusali, lakini kila nikianza "utusamehe" naishia kuuliza nani amsamehe nani.

Jumatano, 12 novemba

Enjeniari alikuja kuandika ripoti. Barthélemy aliwasomea watu: nyumba ilikuwa dhaifu, mvua ilikuwa ya ajabu, wakaaji walishirikishwa kwa kila hatua. Kushirikishwa! Labda maana yake kwao ni kubebeshwa mchanga. Enjeniari hakuthubutu kupita mbele ya nyumba yangu.

Jumatatu, 24 novemba

Sikukuu. Tangu saa kumi na mbili asubuhi tulipangwa kwa mistari juu ya béton, wanawake wote na vikwembe vya chama, kucheza na kuimba. Maji ya juzi bado yalikuwa yamesimama pembeni, wakayafunika kwa majani ya migomba ili komiseri asichafue viatu. Alikata utepe. Alisema Place hii ni matunda ya mawazo ya wakaaji wenyewe.

Maman Colombe alisamehewa kucheza. Kijana mmoja wa chama alimletea kiti, akamwambia kwa upole kabisa: "Maman, wee pigaka tu makofi." Maman Colombe akamwonyesha plâtre.

Jumapili, 30 novemba

Baada ya misa Barthélemy alinifuata. Nilitaka kupita. Alitoa kitu ndani ya kitabu chake cha sala: PV yangu ya tarehe 18, imekunjwa mara nne.

"Sikuipeleka," alisema. "Komiseri alikuwa aniambia siku ile, mu gari: kama yule mwalimu anaandika bubaya, atalala mu gereza ya zone, na haitakuwa siku moja. Sasa niliandika yangu. Mie niko shefu, ni mie banatukanaka. Wee uko na batoto makumi tano mu darasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika ingine."

Kweli, ningeandika nyingine. Nimemwita panya na yeye alikuwa amenibebea mzigo wangu, na wakati huohuo alikuwa amesaini uongo uliomwangushia Maman Colombe nyumba. Yote mawili ni kweli, na sijui nimkasirikie kwa lipi. Nimemsalimia. Nimemwambia pia kwamba kumlinda mtu mmoja kwa kuwadanganya mia mbili si hekima. Alisema anajua, na kwamba Jumamosi tutaona.

Jumamosi, 6 desemba

Tumeona.

Barthélemy alitangaza Salongo ya "kutengeneza Place". Ni neno halali kabisa, hakuna wa kulikataza. Watu walikuja na majembe, na Constantin akaja na nyundo yake kubwa na patasi zote za ufundi wake. Lakini kabla ya nyundo tulikaa chini. Barthélemy hakuhutubia. Alitembea akimuuliza kila mtu, mmoja mmoja, jina lake na anataka nini: mufereji upite wapi, mawe yakae wapi, nani anapinga. Watu wawili walipinga. Walitaka mfereji uwe mbali zaidi na robine, na walikuwa na haki, tukaubadilisha. Mimi niliandika, kila neno na jina la aliyelisema.

Halafu Barthélemy akachukua nyundo, akapiga béton ya komiseri katikati.

Saa nne gari la zone likafika. Enjeniari alishuka mbio, uso umemwisha damu. "Nani amewaruhusu?" Kila mtu alikuwa na kazi. Maman Colombe alikuwa kwenye mwisho wa kamba ya Constantin, anaivuta kwa mkono wake mmoja mzima, na kamba ilikuwa inalegea. Alimtazama enjeniari kutoka juu mpaka chini.

"Wee uko na mikono mbili," alisema. "Shika."

Alisimama. Nilifikiri enjeniari atarudi garini. Alivua abacost, akaikunja, akatafuta pa kuiweka, akampa dereva. Akashika kamba. Baada ya muda akapiga goti, akafunga jicho moja, akasema mteremko hautoshi pale kwenye kona, tushuke tena upana wa mkono, la sivyo matope yatakaa. Constantin akaangalia, akasema ni kweli. Tukashuka. Wale wawili walibishana mpaka mwisho kama mafundi wanavyobishana, bila mtu kukumbuka nani ana mihuri. Vipande vya béton tumevipanga chini ya robine, ni mawe mazuri ya kufulia.

Nilimwangalia enjeniari. Alikuwa anajua kazi yake, kumbe. Muda wote huo alikuwa anaijua.

Ijumaa, 12 desemba

Barua. Nahamishwa kwa "mahitaji ya kazi", kuanzia januari. Luberizi, kwenye bonde, kwa wenye mchele. Enjeniari naye amepata yake. Barthélemy si shefu tena. Gérard atanikuta nafunga masanduku.

Jumapili, 14 desemba

Mvua kubwa leo mchana, ya mawe tena. Nilikimbia kuteremka, na Kasha nzima ilikuwa imeshatoka, imesimama. Maji yalishuka mlimani, yakaingia kwenye mfereji, yakapasua Place katikati, yakapinda kwenye kona bila kuacha matope, yakaenda korongoni. Kwa Maman Colombe, ukuta mpya ambao Constantin aliumaliza Jumatano ulikuwa mkavu mpaka chini.

Watu walicheka, walikumbatiana. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya béton nikalia kwa hasira, mbele ya wanafunzi wangu, bila aibu. Tulianza kazi ile saa mbili asubuhi, tukaimaliza saa nane. Masaa sita. Nyumba ya mtu, mkono wa mtu, kazi za watu watatu, kwa kitu cha masaa sita.

Maman Colombe alikuja akakaa karibu yangu, akaniuliza nalia nini. Nikamwambia: mwezi wa nane, alipokuja kupima, swali moja tu lingetosha.

"Alikuya," alisema. "Mie nilikuwa hapa. Nilimupatia kiti pa mulango yangu, nilimupatia na mayi ya kunywa. Alikaa karibu saa nzima, anaandika. Aliniuliza kitu moja tu: kama ile imbwa yangu inaumaka."